Wifi, chupa yangu irudi na kifuniko chake

Idi iliyopita nilimpelekea wifi yangu jamu ya nanasi. Nanasi za Kayunga, tangawizi, ndimu tatu, na jioni nzima ya kukoroga mpaka mkono ukafa ganzi. Nikaimimina kwenye chupa iliyokuwa ya zeituni, nikaivika kofia ya kitenge kutoka kwenye vipande vya fundi cherehani wa mtaani, nikapanda boda kutoka Kawempe hadi Ntinda, hapa hapa Kampala, nimeipakata kama mtoto mchanga. Wifi akaipokea kwa mikono miwili. Akaigeuza, akachungulia tarakimu za kitakoni, akaniuliza mbele ya wageni: "Kwani wifi, madukani chupa mpya zimeisha?"

Nikacheka. Utafanyaje, unacheka. Lakini wiki tatu zimepita na bado inanikereketa, kwa hiyo leo mtanivumilia.

Hebu tuulizane. Nani kati yetu hajanunua asali ya West Nile kando ya barabara katika chupa iliyokuwa ya waragi, ile pombe kali? Waislamu wazima tunailamba na kusema mashallah. Samli ya Ankole hutufikia kwenye dumu lililokuwa la mafuta ya kupikia. Odii ya Gulu, ule uji mzito wa ufuta na karanga, huja kwenye kopo la Blue Band, na kopo lenyewe kabla ya hapo lilitunza sindano na nyuzi. Hakuna anayeuliza. Na soda je? Nenda dukani bila chupa tupu uone: ama unaacha pesa ya chupa, ama unakunywa ukiwa umesimama hapo hapo huku mwenye duka amekukodolea macho. Chupa hiyo imeshapita midomo ya mtaa mzima, imekwaruzika mpaka mabega yamekuwa meupe. Tunakunywa na kushukuru. Ila chupa ya wifi yako, aliyoichemsha kwa mikono yake mwenyewe, hiyo ndiyo inayonuka umaskini.

Maana swali lile halikuwa la usafi, tusidanganyane. Lingekuwa la usafi ningejibu vizuri tu.

Anachotaka ni zile za supamaketi zenye matunda yaliyochorwa ubavuni. Zimevuka bahari, zikashuka Mombasa, zikapanda lori hadi Kampala, na bei yake inapita nanasi, sukari na makaa nikivijumlisha pamoja. Nikikununulia hiyo nimekuzawadia chupa, jamu nimejazia tu isiwe tupu. Na nikishaitoa moyo unabaki nayo, kila nikija kwako macho yanaitafuta kabatini.

Mimi nimekulia Busia. Ramadhani bakuli la mbaazi likienda kwa jirani halikurudi tupu, haiwezekani. Litarudi na vitumbua, wakikosa vitumbua ndimu mbili, wakikosa ndimu hata chumvi. Mama alilijua kila bakuli lake kwa ufa wake, na ukimletea la mwingine alikurudisha na viatu vyako mkononi ukalibadilishe. Vyombo vya kabati la vioo havikutoka nje hata siku moja. Vilivyotembea ni vile vya zamani, kwa sababu mwenyewe hakuogopa kuviachilia. Mtaa wetu ulishikamana kwa bakuli zenye ufa, wala sioni ningeutaka vingine.

Na kazi ya chupa kuukuu mnaijua? Unailoweka maji ya moto usiku kucha, karatasi inabanduka, gundi inabaki imeng'ang'ania kama mdai. Unaipaka mafuta ya kupikia na magadi, unasugua kwa kidole mpaka kioo kinalia. Kisha unaichemsha, na hapa Kampala dakika kumi za kwenye mapishi ya intaneti hazitoshi, nenda kumi na tano. Tuko mita kama 1,200 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. (Ndiyo maana jamu yangu ya kwanza ikawa peremende. Mapishi yalisema ngoja nyuzi 105. Nikangoja. Huku kwetu imeshakolea kwenye 101; siku hizi nadondoshea kidogo kwenye sahani baridi, nikiisukuma kwa kidole ikajikunja, nazima jiko.) Halafu chupa iwe ya moto wakati wa kumimina. Nilishawahi kuiweka baridi juu ya saruji nikamimina, ikapasuka, sisimizi wakasherehekea siku nne.

Haya, nikubali moja, kwa shingo upande. Kifuniko. Jirani wa juu nilimpa yake kwenye chupa ya kahawa, na kifuniko cha kahawa ni plastiki, hakibani kitu. Akaiweka dirishani. Wiki ya pili ilikuwa imeota ukungu mweupe kama sharubu za babu. Kosa langu, sikumwambia aiweke kwenye friji. Na kifuniko kilichowahi kufunika achari hakisahau: kisugue kwa ndimu, kianike siku tatu, bado jamu itanukia kitunguu saumu. Chenye kutu kitupe. John Landis Mason alipopata hataza yake Marekani mwaka 1858 hakuwa amegundua kioo, alitengeneza hesi ya shingoni, ile mizunguko kama ya skrubu, ili kifuniko kikaze. Alijua shida ilipo.

Ndiyo sababu cha bati chenye utando mzima ndani nakithamini kuliko chupa yenyewe. Unafunga ingali moto, unaendelea na shughuli zako, na inapopoa unasikia tak! katikati ya kifuniko imedidimia, hewa imetoka. Nikiwa sebuleni nazihesabu. Tak, tak, tak.

Maharage na mboga zisizo na uchachu usithubutu kuzifungia hivyo. Vijidudu vya botulizimu huacha mbegu zisizokufa kwa kuchemsha kwa kawaida, na sumu yake hainuki.

Sasa. Juzi nimepita Ntinda kumjulia hali mtoto. Naingia jikoni kuchota maji, juu ya rafu nakuta chupa yangu ya zeituni. Jamu imekwisha, imeoshwa ikang'ara kuliko nilivyoileta, imejazwa iliki hadi shingoni. Juu imefungwa kaveera, mfuko wa plastiki, kwa mpira wa nywele. Kifuniko hakionekani.

Wifi, najua unasoma. Embe za Soroti zinakaribia na achari yako nimeshaiweka kwenye hesabu. Chupa niletee na iliki humo humo, usiimwage. Na kifuniko kitafute, angalia kwenye vitu vya kuchezea vya mtoto.