Tunamnunua bleni kama fyekeo, kisha tunamlaumu

Ukitaka kujua hali ya bleni, samaki mdogo wa baharini, aliye ndani ya tangi, usihangaike na rangi yake wala mbio zake. Subiri abandike midomo yake minene kwenye kioo, umwone kwa chini. Tumbo likiwa limejaa na kuviringika, mambo shwari. Likiwa limebonyea, ngozi imedidimia nyuma ya mapezi ya kifuani, huyo ana njaa, hata kama anarukaruka jiwe hadi jiwe kama kawaida. Ugomvi wote wa wafugaji wa matangi ya matumbawe kuhusu samaki huyu uko hapo tumboni.

Nazungumzia hasa Salarias fasciatus, samaki wa hudhurungi mwenye madoadoa, anayefikia sentimita 14, ambaye wauzaji wamempachika jina la mkata nyasi. Kuna wanaosema hafai kuuzwa kabisa: ananunuliwa asafishe mwani, mwani ukiisha anakonda, na miezi michache baadaye anaokotwa nyuma ya mawe akiwa amekufa. Wengine wanasema ni katika samaki wagumu na wenye vituko kuliko wote wanaoweza kuishi kwenye tangi la maji chumvi nyumbani. Nimewahi kukaa pande zote mbili. Wa kwanza wangu alikufa mwezi wa tano tangu nimtie tangini, amekondeana kama njiti, nami kwa mwaka mzima nikawa namwambia kila mtu asithubutu.

Wanaomkataa hawabahatishi. Tangi la siku hizi lina kichuja povu cha kutoa uchafu majini, lina konokono, pengine na samaki aina ya kangaja mmoja au wawili wanaokula mwani huohuo kwa kasi maradufu. Bleni aliyevuliwa baharini anaweza kuviangalia vidonge vya chakula vikipita mbele ya macho yake wiki nzima bila kugusa hata kimoja. Akishiba ni mlinzi mkali wa jiwe lake. Ukimwekea bleni mwingine kwenye tangi dogo, mmoja ataumia. Ndugu zake wa jenasi ya Ecsenius, hasa Ecsenius bicolor, wapo wanaozoea kudonoa matumbawe na nyama ya kombe wakubwa wa Tridacna. Na wanaruka. Tangi lisilo na kifuniko ni suala la muda tu. Hayo yote ni kweli, sina la kuyapinga.

Ninachokataa ni hukumu inayotolewa baada ya hapo, kwa sababu inasimama juu ya dhana kwamba samaki huyu ni mla mwani aliyeshindwa kazi. Mtazame mdomo. Kabila lake la bleni lina meno membamba mno, mengi, yaliyopangika kama kitana na kushikiliwa kilegelege kwenye midomo. Meno ya namna hiyo ni brashi. Hayawezi kunyofoa majani marefu ya mwani yaliyoshika jiwe, yanafagia kilicholala juu yake. Na watafiti waliopasua matumbo ya bleni wa kabila hili kwenye Great Barrier Reef, Australia, walikuta sehemu kubwa ya kilichomo si mwani. Ni masalia: ule utando laini wa uchafu wa kikaboni, bakteria, vijidudu na chembe za mchanga unaonasa katikati ya nyuzi fupi za mwani.

Hilo linageuza kesi yote. Kama chakula chake ni utando, basi bleni hafi kwa sababu amemaliza mwani. Anakufa kwa sababu tangi ni safi mno kwa ajili yake. Fikiria mfugaji anavyofanya: asubuhi anapitisha sumaku ya kusugulia kioo, jioni anafyonza mchanga, mwisho wa wiki anapuliza mawe ili masalia yapande juu na kichujio kiyabebe. Kila kimoja ni kitendo cha mfugaji mwema, na kila kimoja ni sahani inayoondolewa mezani kabla mgeni hajala. Halafu anasimama mbele ya kioo akishangaa kwa nini samaki amekonda ilhali kuna mwani wa manyoya ya kijani ya sentimita tano kwenye kona. Manyoya hayo si chakula chake. Wala mwani wa viputo vya kijani, wala ule utando mwekundu wa sianobakteria, ambao nimeona watu wakimnunulia bleni kana kwamba ni dawa yake.

Kisha kuna suala la wakati, na hili ndilo linaloniudhi zaidi. Tangi jipya hulipuka mwani ndani ya miezi yake ya mwanzo, kwanza vumbi la kahawia, baadaye kijani. Mwenye tangi anaingiwa na hofu, anakimbilia dukani, anapewa bleni. Yaani samaki anayehitaji mawe yaliyozeeka, yenye utando wa mwaka na zaidi, anatiwa kwenye mawe machanga kuliko yote atakayowahi kuyaona. Anakula neema ya wiki sita, tangi linatulia, vioo vinang'aa, mwenye nyumba anapiga picha. Njaa ya bleni inaanzia kwenye picha hiyo.

Hata hiyo kazi aliyoajiriwa haifanyi kama tunavyodhani. Akila, anatoa kinyesi kingi, nyuzi za mchanga mchanga ambazo utaziona zimening'inia mawe yote. Nitrati na fosfeti zilizoulisha mwani bado zimo majini, zimebadili sura tu. Anayetaka kuziondoa abadilishe maji na apunguze mkono wakati wa kulisha.

Wanaowakataa bleni pia huwaweka wote kapu moja, na kapu lenyewe lina spishi zipatazo 400. Ecsenius midas, wa manjano ya dhahabu, huogelea pamoja na makundi ya samaki wadogo waitwao anthiasi akidaka plankitoni, vijidudu vinavyoelea majini. Ndani ya tangi huchukua chakula kilichogandishwa bila kubembelezwa. Meiacanthus wana chonge zenye sumu, ambayo utafiti uliotoka mwaka 2017 ulionyesha kuwa ina viambata vinavyofanana na afyuni na hushusha shinikizo la damu; samaki mkubwa akimmeza humtema akiwa mzima. Lakini chonge hizo ni za kujilinda, na spishi kadhaa za jenasi hiyo huzalishwa ndani ya matangi, hazivuliwi tu. Plagiotremus, anayevizia wenzake na kuwabandua magamba, huyo apigwe marufuku kwenye tangi la samaki mchanganyiko na sitamtetea. Mla utando, mla plankitoni na mla magamba hawawezi kushtakiwa kwa kosa moja.

Wa pili wangu nilimtia kwenye tangi lenye umri wa miaka miwili. Wiki ya tatu tumbo likaanza kubonyea, nikaona yaleyale. Nikasaga spirulina, aina ya chakula cha kijani cha samaki, na vipande vya nori, yaani mwani mkavu wa karatasi, pamoja na maji kidogo mpaka ukawa uji mzito, nikaupaka kwenye jiwe bapa, nikaliacha likauke usiku kucha, asubuhi nikalitumbukiza. Alizunguka mara mbili, akaligonga kwa mdomo, akarudi nyuma, akaligonga tena. Jioni jiwe lilikuwa limejaa alama ndogo za midomo, kama mtu amelibusu mara mia. Baada ya mwezi alikuwa anafuata karatasi ya nori kwenye kibanio, na hatimaye vidonge.

Tangu hapo ndipo nilipomfahamu. Hana kibofu cha hewa cha kumwelekeza juu, kwa hiyo akiacha kuogelea anashuka. Ndiyo maana huwa amekaa, kaegemea mapezi kama mzee barazani, jicho moja likiangalia juu na jingine likikuangalia wewe. Akishtuka anaingia shimoni kinyumenyume, mkia kwanza, kichwa kinabaki nje. Usiku rangi humbadilika, anatoka mabaka meupe na meusi, na usiku wa kwanza nilipommulika na tochi nilidhani nimeshampoteza. Kulipokucha alikuwa hudhurungi kama jana.

Kwa hiyo mwenye tangi jipya la miezi mitatu, linalomkera kwa mwani, namuunga mkono anayemwambia asinunue. Mwenye lita 120 na zaidi, mawe yaliyokomaa, kifuniko, na subira ya kupaka uji kwenye jiwe, sioni kwa nini atishwe. Wangu anaingia mwaka wa nne sasa. Kioo cha nyuma nimeacha kukisugua. Wageni hudhani ni uvivu, na alama za midomo zimekienea kuanzia chini hadi juu.