Tikiti ya Sombe Hailipi Prime

Yaya, ndugu yangu mkubwa, sikia hii. Klabu imekwama: mishahara haijaonekana, basi la timu linaegeshwa kwenye mteremko ili liwake kwa kuviringika, hoteli ya ugenini imeshikilia mabegi ya wachezaji. Papo hapo mtu anasimama barazani na kupiga kelele: komini, serikali ya mitaa yetu, itoe pesa! Nani huyo? Ni yule ambaye kila Jumapili anaingia uwanjani bure kwa sababu polisi wa mlangoni ni binamu yake. Hana franka za kukaa pourtour, viti vya bei rahisi, lakini za komini anazo, tena anazigawa kama za baba yake.

Bon. Komini gani? Lubumbashi yetu, hapa Kongo, ina 7. Komini ya Kamalondo ina uwanja wa klabu ya Mazembe, ule uliofunguliwa mwaka 2011, watu kama 18,500 wanakaa. Komini ya Kenya, siyo nchi, ina uwanja wa Kibassa Maliba. Mpira uko huko. Sasa pesa ya shaba iko wapi? Sheria ya madini ya 2018 inagawa mrabaha hivi: katika kila dola 100, serikali kuu ya Kinshasa inachukua 50, jimbo 25, komini au chefferie (eneo la chifu) yenye mgodi 15, na 10 zinawekewa vizazi vijavyo. Yenye mgodi, yaya! Kamalondo wanachimba nini? Mitaro, na hata hiyo inajaa taka kabla mvua haijafika. Na hata komini yenye mgodi haijaachiwa ijipikie inavyotaka, maana sheria hiyo hiyo inasema fungu lake ni la miundombinu ya msingi ya jamii. Daraja, shule, kituo cha afya. Winga wa kushoto si miundombinu, hata akisimama mahali pamoja dakika 90.

Kwa hiyo kinachobaki ni tikiti ya soko, ushuru wa wauzaji. Mama wa sombe, majani ya muhogo, anafika asubuhi, hajauza hata fungu moja, mtoza kodi ameshasimama mbele yake na kitabu. Hiyo pesa ndiyo unataka iende kumlipa mshambuliaji prime, yaani bonasi, ya sare tasa?

Tupige hesabu, na bei uweke zako. Wachezaji 28, kila mmoja dola 500 kwa mwezi, si nyingi: hizo ni 14,000. Msimu wa miezi 10 ni 140,000. Hujamlipa kocha, daktari, mfuaji wa jezi, wala mlinzi wa uwanja wa mazoezi. Kisha kuna ndege, kwa sababu nchi hii huwezi kuivuka kwa basi ukafika ukiwa na miguu ya kuchezea. Watu 25 kwenda Kinshasa, weka dola 400 kila mmoja kwenda na kurudi, ni 10,000 kabla mtu hajala. Mechi ikiahirishwa wakiwa tayari huko, ongeza hoteli, na bukari, ugali wetu, ya vijana 25 wenye afya.

Lakini siyo hapo pesa inapopotelea. Inapotelea nyuma. Klabu iliyozama ina madeni ya zamani: kocha mgeni aliyefukuzwa misimu 3 iliyopita, kipa aliyeondoka bila kulipwa. Kanuni za FIFA ziko wazi. Mchezaji akidai mishahara ya miezi 2, anaandika barua, anatoa siku 15, zikipita anavunja mkataba kihalali na bado anadai. Akishinda kesi na klabu isilipe, klabu inazuiwa kusajili, hadi vipindi 3 vya usajili. Basi komini inapiga ngoma, inakabidhi cheki mbele ya kamera, na cheki inasafiri moja kwa moja kwa kocha aliyekwisha kutusahau. Timu inabaki na wale wale. Ndiyo maana mshauri wa komini, kabla hajainua mkono kupiga kura, aombe karatasi moja tu: orodha ya madeni yenye majina, tarehe, na kesi zilizoamuliwa. Klabu ikikosa karatasi hiyo, mkutano umekwisha, watu waende kula michopo, nyama yao ya kuchoma.

Halafu kuna desturi yetu ya hapa. Moïse Katumbi anaongoza Mazembe tangu 1997, na kati ya 2007 na 2015 alikuwa pia gavana wa Katanga. Jacques Kyabula naye, akiwa gavana wa Haut-Katanga, alikuwa rais wa klabu ya Lupopo, timu ya watu wa reli. Sisemi mtu amekula. Mazembe walichukua kombe la klabu bingwa Afrika 2009, 2010 na 2015, na mwaka 2010 wakafika fainali ya dunia ya klabu dhidi ya Inter ya Italia. Vikombe havidanganyi. Nasema klabu iliyozoea mfuko wa mkubwa haijifunzi kuuza jezi wala kuhesabu pesa za mlangoni. Mkubwa akigombana na wakubwa wenzake, wachezaji wanaanza kusoma siasa kujua kama watalipwa.

Unaniambia Ulaya wanafanya. Wanafanya, na tazama walivyofanya. Northampton, Uingereza: halmashauri iliikopesha klabu pauni milioni 10.25 mwaka 2013, ijenge jukwaa. Jukwaa likabaki nusu, pesa ikatoweka, polisi wakaingia. Na wao wana wakaguzi wenye miwani! Wafaransa ni waoga zaidi, wakaweka kizuizi: misaada yote ya serikali za mitaa kwa klabu moja ya kulipwa isizidi euro milioni 2.3 kwa msimu, tena iwe ya kazi za jamii kama mafunzo ya vijana. Waholanzi wa Eindhoven ndio wajanja. Mwaka 2011 jiji lilinunua ardhi iliyo chini ya uwanja wa klabu ya PSV, kama euro milioni 48, kisha likaipangisha klabu. Klabu ikianguka, ardhi haikimbii. Hapa kwetu jaribu hivyo uone: kiwanja kimoja, vyeti vitatu, na mwenye cheti cha nne anatoka mji wa Likasi na wakili.

Usinitajie Barcelona. Taifa lilisaini nao Julai 2025, zaidi ya euro milioni 40 kwa miaka 4, jina la nchi liandikwe mgongoni kwenye jezi za mazoezi. Za mazoezi, yaya. Mimi nimenyamaza.

Anayetaka kuisaidia klabu aanze mlangoni. Mlango wa uwanja unavuja kuliko paa la mabati ya zamani, na namna yake inajulikana: tikiti haichanwi mlangoni, inarudi nje kwa muuzaji, inauzwa mara ya pili, ya tatu. Dawa yake haihitaji mashine. Kila mlango upewe tikiti zenye namba mfululizo, tuseme 0001 hadi 0500, na mtu atie saini. Anayeuza asiwe anayechana. Kipande kiangukie kwenye sanduku lenye kufuli, ufunguo usikae mlangoni. Filimbi ya mwisho ikilia, unahesabu vipande, unahesabu tikiti zilizobaki. Jumla iwe 500, na vipande vizidishwe kwa bei viwe sawa na pesa mezani. Visipolingana, unajua ni mlango gani na saini ya nani. Kazi ya saa moja. Inakataliwa kila mahali, na wanaoikataa huwa na sauti kubwa sana ya kuomba msaada wa komini.

Pesa nyingine iko kwenye karatasi za watoto, na hii inaniuma kweli. Mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, asilimia 5 ya bei inagawiwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Mpaka miaka 15 kila msimu una robo asilimia. Kuanzia 16, nusu. Kijana uliyemlea msimu wa 16, 17 na 18 akija kuuzwa Ulaya kwa euro milioni 10, wewe una 150,000. Bila kufanya kitu! Lakini jina lake liwe limesajiliwa shirikisho la mpira kila msimu, tarehe ya kuzaliwa iwe moja, siyo ya shule hii na ya mashindano ile. Wengi hawapati hata senti kwa sababu kijana alicheza kwa leseni ya kaka yake. Komini haiwezi kununua mshambuliaji, sawa, lakini vyeti vya kuzaliwa inatoa yenyewe! Ilipe karani mmoja, kompyuta moja, mtandao. Hiyo ni bei ya prime mbili.

Na kama lazima imwage kitu uwanjani, imwage maji. Kamalondo wana nyasi bandia, waacheni. Uwanja wa nyasi halisi una mita 105 kwa 68. Hapa mvua hukatika Mei hadi Septemba, na joto la Septemba linadai lita 5 kwa kila mita mraba kwa siku. Hizo ni lita 35,700, yaani bidoni 1,785 za lita 20, kila siku, katika mji ambao watu wanaamka usiku kuvizia bomba. Basi ichimbwe forage, kisima kirefu cha bomba, iwekwe tangi juu, na paneli za jua, kwa sababu pampu inayotegemea SNEL, shirika la umeme, itangoja umeme pamoja nasi. Na bajeti ya vali na mipira ya kuzibia iandikwe mapema, vitu vya dola chache ambavyo huua mradi mzima. Mabomba yawe mawili, la nyasi na la mtaa. Hapo ni miundombinu ya jamii kweli, hata mkaguzi atakunywa. La mtaa lifunguliwe alfajiri, la nyasi usiku. Na mwenye ufunguo akae avenue hiyo hiyo. Wakimpa anayekaa komini nyingine, Ruashi, tutangoja maji mpaka apate taksibasi.