Mziki wa gemu za fantasia mtandaoni: mko pamoja lakini kila mtu anasikia wake

Kuna ubishi hauishi kati ya watu wanaocheza gemu za fantasia za mtandaoni, zile unatengeneza karakta wako, unaleveli, unazurura kwenye dunia moja na maelfu ya wenzio. Wapo wanaosema mziki ndo roho ya gemu, uzime uone, msitu unabaki picha ya miti tu. Na wapo wanaokuuliza kwa mshangao, kwani we bado hujazima mziki? Hawa wa pili msidhani ni wageni, mara nyingi ndo wakongwe wenyewe, wenye karakta za leveli ya juu kabisa, wanacheza huku wanasikiliza mambo yao na kupiga soga na wenzao Discord, ile programu ya kuongea kwa sauti. Mimi nimeegemea upande, nitafika huko, ila kila upande una hoja yake ya maana.

Tuanze na wanaoutetea. Gemu ya World of Warcraft ilitoka Novemba 2004, na ukianza na karakta wa binadamu unatokea Elwynn, msitu mpole tu, na mziki wake ni mpole vilevile, nyuzi na filimbi zinakwenda taratibu hazina haraka na mtu. Unatembea, unaua mbwa mwitu wawili watatu, alafu unafika Stormwind, pale kwenye daraja lenye sanamu kubwa za mashujaa, tarumbeta zinapanda na kwaya inaingia, na hapo hujasoma hata mstari mmoja wa maelezo lakini umeshaelewa kwamba huu ni mji wa wafalme na una majeraha yake. Nenda Ironforge kwa wale wafupi wenye ndevu wanaokaa ndani ya mlima, ni mabaragumu mazito, sauti za chini. Nenda Mulgore kwa wale watu wenye vichwa vya fahali, filimbi, uwanda, nafasi. Yaani ukimfumba mtu macho aliyecheza ile gemu ukamwekea sekunde kumi tu za mziki atakutajia yuko wapi.

Kiufundi sio uchawi. Mziki wa mapigano una biti ya kueleweka, mwili unajipanga wenyewe. Mziki wa eneo unaifanyia kazi hali tofauti kabisa, biti inafichwa, noti zinashikiliwa muda mrefu, melodi inatokea kidogo inapotea, haikudai uifuatilie, kwa hiyo akili inaacha kuusikia kama wimbo na inauhesabu kuwa sehemu ya hali ya hewa ya pale, kama ukungu. Ndo maana watu wanakumbuka eneo lilikuwa na huzuni bila kukumbuka kwamba kulikuwa na violini. Mfano unaotajwa kila siku ni Grizzly Hills, eneo la misonobari lililokuja na Wrath of the Lich King, nyongeza ya World of Warcraft ya mwaka 2008. Kazi za pale ni zilezile, ua hawa, okota vile, lakini kuna watu wanarudi huko hawana kazi yoyote, wanasimama tu chini ya miti wasikilize.

Hapa nichomekee jambo linalonikera kidogo. Hii lugha ya vyombo ina uvivu wake. Tarumbeta na kwaya ni ustaarabu, filimbi ni watu wa asili wenye hekima, na ngoma ikianza kulia ujue umeingia porini na kuna mtu anataka kukuua. Gemu nyingi zinafanya hivyo mpaka leo. Inafanya kazi haraka kwa sababu filamu zilishatufundisha, lakini mtunzi anayetaka kuipa jamii ya kubuni sura mpya angeweza kabisa kuwapa wafalme ngoma. Basi tuendelee.

Ushahidi mzuri zaidi wa upande huu kwangu mimi wala sio okestra, ni RuneScape. Gemu ilianza 2001, na mziki wa toleo la pili la 2004 ulikuwa wa MIDI, maana yake gemu haikuletei rekodi, inakuletea maelekezo ya noti tu alafu kompyuta yako ndo inapiga, kwa sababu ile gemu ilikuwa inachezwa ndani ya brauza na intaneti ya wakati ule ilikuwa ya kusuasua. Kwa hiyo gitaa linalia kama limetengenezwa kwa plastiki, tarumbeta haina pumzi. Na bado watu wanaipenda hadi kufa! Walichofanya cha akili ni kuufunga mziki kwenye ardhi. Kuna orodha ya nyimbo, majina mekundu, na kila ukikanyaga eneo jipya ujumbe unatokea kwenye chati kwamba umefungua wimbo, jina linageuka kijani. Yaani kusikia ni tuzo ya kutembea. Kwenye Old School RuneScape, toleo la kizamani la gemu hiyo, kuna mpaka joho la waliofungua nyimbo zote, na wapo wanaolihangaikia kweli, wanaingia kwenye vishimo ambavyo hakuna sababu nyingine ya kuingia.

Sasa wenye kuzima mziki nao wanasemaje.

Hoja yao ya kwanza ni kujirudia, na hii hoja ni nzito kuliko watu wa okestra wanavyotaka kukubali. Filamu ina saa mbili, mtunzi anajua kila sekunde kuna nini. Gemu ya mtandaoni mtu anakaa kwenye eneo moja jioni nzima anachimba madini, kesho anarudi palepale, na wimbo wa dakika tatu unaanza upya na upya. Ule ule mziki uliokuwa hewa unageuka kero, kwa sababu ukishaanza kujua noti inayofuata ni ipi akili imeshautoa kwenye ukungu na kuuweka mbele kama wimbo. Na ukishafika hapo ni vigumu kurudi.

Ya pili ni kwamba mziki unaziba sauti zenye kazi. Chukua uvuvi ndani ya World of Warcraft. Unatupa ndoano, boya linaelea, unasubiri, samaki akishika boya linatikisika na maji yanalia chubwi, hapo ndo ubonyeze haraka. Wavuvi wa humo ndani wanazima mziki wanapandisha sauti ya maji tu, na wengine wanaweka macho kwenye kitu kingine kabisa wanavua kwa masikio. Au wale murloc, viumbe vya pwani nusu samaki nusu chura, ile kelele yao ya kububujika unaisikia kabla hujawaona na roho inakuruka kwa sababu unajua hawaji mmoja. Hofu ya ufukweni pale imejengwa na kelele ya kiumbe, mziki haukuhusika hata kidogo. Anayesema hali ya dunia ya gemu ni mziki peke yake anasahau upepo, nyayo, mlango unaolia, wadudu usiku.

Ya tatu ni mziki usiojua adabu. Final Fantasy XIV, ile iliyozaliwa upya 2013, mtunzi wake mkuu ni Masayoshi Soken na jamaa ni fundi sana sibishi, lakini tembea porini mle ukampiga kinyama kimoja kidhaifu, mziki wa eneo unakatwa, mziki wa vita unaingia kwa kishindo, kinyama kimekufa sekunde sita, mziki wa eneo unarudi. Kinyama kingine, tena. Ukipanda kipando nacho kina wimbo wake unaofunika wa eneo. Siku hizi kuna setingi za kuzima hayo, na kuwepo kwa hizo setingi kwenyewe kunakwambia malalamiko yalikuwepo.

Na kuna hoja ya nne ambayo kwangu ndo inauma zaidi kwa sisi tunaopenda mziki, kwamba tunachokiita hali ya kipekee ni ujana wetu tu. Ulikuwa na miaka kumi na minne, usiku, hedifoni, marafiki wote wako mtandaoni, hata king'ora cha friji kingekuwa kitamu. Sina jibu kamili la hili. Ninachoweza kusema ni kwamba kuna wimbo wa bandari ya Port Sarim kule RuneScape uliozagaa mitandaoni ukapendwa na watu ambao hawajawahi kucheza hiyo gemu hata siku moja, hao hawana ujana wowote wa kuukumbuka pale. Kwa hiyo kumbukumbu inaongeza chumvi lakini haikupika chakula.

Sasa msimamo wangu. Naona pande zote mbili zinajadili mziki wa gemu hizi kana kwamba ni gemu ya mtu mmoja, wakati ile ni dunia ya watu wengi na hapo ndo pana tatizo lenyewe. Simama na rafiki yako chini ya mti mmoja pale Elwynn, karakta zenu zimegusana mabega. Mziki wako umefika katikati, wa kwake ndo kwanza unaanza, au wa kwake umekwisha anasikia ndege tu. Mziki wa eneo unapigwa na kompyuta ya kila mtu kwa saa yake, seva, ile kompyuta kuu inayowaunganisha wote, haihusiki. Mnaona jua lilelile, mvua ileile, adui yuleyule, lakini mziki ndo kitu pekee pale ambacho hamshirikiani. Kwa hiyo unajenga hali, ndiyo, ila ni hali ya mtu aliye peke yake, na mtu akishaanza kucheza na watu, soga zimeanza, vichekesho, mtu anafokewa kwa kukosea, ile hali ya peke yako inageuka kizuizi anaizima. Sioni ajabu yoyote kwamba mkongwe anazima mziki, alipofika yeye hali inatengenezwa na watu.

Angalia pale ambapo mziki unashirikiwa kweli uone tofauti. Kwenye hiyohiyo Final Fantasy XIV, mapambano ya watu wanane dhidi ya mabosi, yaani maadui wakubwa, mziki unafuata hatua za pambano na pambano ni moja kwa wote. Pambano la Shiva, bosi wa barafu, la 2014 linaanza taratibu, sauti laini za baridi. Alafu anapiga pigo lake kubwa, wote wanane mnagandishwa, mnabaki mnatazama tu, barafu inapasuka na gitaa la roki linaingia na mwimbaji juu yake. Wote mmelisikia kwa pamoja. Ndo maana watu wakiongelea mabosi wa gemu hiyo wanaongelea mziki bila kuulizwa, na wengi wao ni hao hao ambao porini wameuzima.

Upande mwingine kabisa kuna Lord of the Rings Online ya 2007, ambayo iliamua kuwapa wachezaji vyombo. Unabeba kinanda cha nyuzi au filimbi, unaandika noti kwenye faili la maandishi la mfumo wa ABC, noti zikiwa herufi, au unapiga mwenyewe kwa kibodi, na kila aliye karibu anasikia. Watu wakaunda bendi. Kila mmoja anapakia sehemu yake, wanasubiriana, kiongozi anatoa amri ya kuanza. Tangu 2009 wachezaji wamekuwa na tamasha lao la kila mwaka, Weatherstock, juu ya kilima cha Weathertop, karakta zimejazana hadi kompyuta zinakohoa. Kwa ubora wa sauti ni vitu vya kawaida mno, mtunzi wa okestra angeziba masikio, lakini hali iliyopo pale hakuna rekodi ya studio inayoifikia. EverQuest ilishalinusa hili tangu 1999, kule mwanamziki ni kazi kama mpiganaji au mganga, anapiga ngoma kundi zima linakimbia kasi zaidi, kwa hiyo akiacha kupiga kila mtu anajua.

Mtu atasema basi seva zilinganishe mziki wa maeneo yote, tumalize ubishi. Kwenye karatasi inawezekana, saa ya seva ipo. Lakini fikiria unaingia Stormwind kwa mara ya kwanza maishani, unavuka lile daraja, na mziki wa pamoja uko mwishoni unafifia. Umekosa kile kishindo cha tarumbeta ambacho kilipangwa kikupokee wewe. Kwa hiyo mziki wa kumpokea mtu ni lazima ubaki wa kwake, na wa tukio la watu wengi ulinganishwe, na hapo katikati, zile saa ndefu za kuchimba na kuvua, ndo pa kunyamaza. World of Warcraft kwa kawaida inafanya hivi kwa kiasi, wimbo ukiisha unaachiwa upepo na ndege kwa muda kabla haujarudi, na kujirudia mfululizo ni kisanduku unachokitiki mwenyewe kwenye setingi. Nashangaa gemu nyingi mpya zina okestra ya pesa nyingi na hazina hicho kimya.

Na kwa anayetaka nyimbo zake mwenyewe, Guild Wars 2 ya 2012 walilitatua bila kelele, unatengeneza pleilisti yako ya mapigano, ya mjini, ya usiku, ya chini ya maji, unaiweka kwenye folda ya gemu, na gemu ndo inaamua ipi ipigwe lini. Yaani nyimbo ni zako ila muda wa kuingia ni wa gemu. Wanaozima mziki wapewe hiyo kwanza ndo tuone wangapi wataendelea kuzima.