Njaa au joto: nini kinakausha maziwa ya Tanga wakati wa kaskazi?

Upepo wa kaskazi ukishashika, kuanzia Desemba hadi masika yanapokaribia, maziwa hupungua Tanga. Mfugaji wa Pangani au Muheza aliyekuwa akipeleka lita kumi na mbili kituoni kila asubuhi hupeleka saba, kisha sita. Na kila mwaka, kwenye foleni ileile ya madumu, ubishi hurudi. Wapo wanaosema ng'ombe wana njaa, basi, na habari za joto ni kisingizio cha mtu asiyetaka kwenda kukata majani. Wapo wanaosema ng'ombe wa kizungu hakuumbiwa pwani, hata umlishe nini atahema tu na kukauka. Nimefuga chotara wa Friesian, mbegu ya maziwa kutoka Ulaya, huku pwani na kwa nyakati tofauti nimesimama pande zote mbili. Siku hizi naona ubishi wenyewe umeulizwa vibaya, lakini kila upande una jambo la kweli, na ni jambo linalogusa mfuko wa mfugaji.

Nianze na wa njaa, kwa sababu hesabu yao ni rahisi kuifuata. Ng'ombe wa maziwa mwenye kilo 400 anahitaji takriban kilo 12 za chakula kikavu kwa siku, yaani uzito wa chakula ukishaondoa maji yake. Matete mabichi ni maji kwa zaidi ya asilimia 80. Kwa hiyo, kama analishwa matete peke yake, anahitaji kilo 60 hadi 70 kila siku ya Mungu. Sasa mtazame mfugaji wa kawaida: baiskeli moja, mzigo mmoja, na mzigo huo unagawiwa ng'ombe wawili na ndama. Tena huo ni mwezi Februari, vuli imepita na masika bado, matete yamerefuka kupita kichwa cha mtu, yamekuwa mashina matupu na majani machache juu. Ng'ombe anajaza tumbo na bado ana njaa. Bwana mifugo anaposema maziwa huingia kwa mdomo kabla ya kutoka kwenye chuchu, hakosei hata kidogo.

Upande wa joto nao wana namba zao. Ng'ombe wa asili ya Ulaya anayekamuliwa hustarehe kati ya nyuzi joto 5 na 25 za Sentigredi. Watafiti hutumia kipimo kinachounganisha joto na unyevu wa hewa kuwa namba moja, na kwa miaka mingi 72 imehesabiwa kuwa mstari ambao ng'ombe wa maziwa akiuvuka huanza kuumia. Mchana wa nyuzi joto 32 wenye unyevu wa asilimia 70 hutoa 84. Hilo halimshangazi mtu wa pwani. Linaloshangaza ni usiku: nyuzi joto 24 na unyevu wa asilimia 85, usiku ambao kwetu ni wa kawaida kabisa wakati wa kaskazi, hutoa karibu 74. Yaani ng'ombe hapati hata saa moja ya kupumzika. Linganisha na Dodoma, ambako mchana wa nyuzi joto 31 wenye unyevu wa asilimia 35 hutoa 77, lakini usiku ukishuka hadi nyuzi 18 kipimo huanguka mpaka 63 au hapo karibu. Ng'ombe wa Dodoma huungua mchana na kupoa usiku. Wa Pangani hulala na joto la jana na kuamka nalo.

Usiku usiopoa si jambo dogo. Juni 2022, kusini-magharibi mwa jimbo la Kansas nchini Marekani, zaidi ya ng'ombe 2,000 walikufa ndani ya siku chache. Hawakuwa na njaa hata chembe. Walikuwa ng'ombe wa kunenepeshwa, wenye nafaka mbele yao. Joto lilipanda ghafla, unyevu ukaongezeka, upepo ukatulia, na usiku haukuwapa nafuu. Shibe haikuwaokoa, na kwa namna fulani iliwaongezea mzigo.

Hapo ndipo pande hizi mbili zinapokutana. Tumbo la kwanza la ng'ombe, rumeni, ni pipa kubwa la kuchachushia majani, na uchachu huzaa joto. Mtu akitia mkono kwenye lundo la majani yaliyokatwa jana atalihisi. Kwa hiyo kila mlo ni kuni, na joto lake hupanda zaidi saa tatu nne baada ya kula. Ng'ombe anayetoa maziwa mengi hula zaidi, basi huwaka zaidi. Jua likimzidi, njia yake ya kwanza ya kujiokoa ni kuacha kula. Huo si ugonjwa, anapunguza kuni. Na majani makavu yenye nyuzinyuzi nyingi humpa joto jingi zaidi kwa kila kiasi cha nguvu anachopata kuliko majani machanga. Mfugaji anayemwekea ng'ombe mabua makavu ya mahindi saa tano asubuhi, Februari, chini ya bati, amempa chakula kinacholeta joto jingi na maziwa kidogo, na kilele cha joto hilo kinaangukia saa nane mchana.

Je, basi joto hupunguza maziwa kwa sababu tu linapunguza hamu ya kula? Swali hili lilijaribiwa Marekani kwa njia safi sana. Ng'ombe wa kundi moja waliwekwa kwenye joto, na wa kundi la pili wakawekwa mahali pa baridi lakini wakapewa chakula kile kile kidogo walichokula wenzao wenye joto. Kama njaa ndiyo sababu pekee, makundi yote mawili yangepoteza maziwa sawasawa. Haikuwa hivyo. Kupungua kwa chakula kulieleza takriban nusu tu ya maziwa yaliyopotea. Nusu nyingine ilikuwa kazi ya joto lenyewe: damu hukimbilia kwenye ngozi ili kupoza mwili, utumbo unakosa damu, ukuta wake unalegea na sumu za vijidudu hupenya, kisha mwili unatumia sukari kupambana badala ya kuipeleka kwenye kiwele.

Ningeishia hapo, upande wa joto wangeshangilia. Lakini majaribio ya namna hiyo hufanyiwa ng'ombe wanaotoa maziwa ambayo wengi wetu hatujawahi kuyaona kwa ng'ombe mmoja. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Arizona walipopendekeza mstari ushushwe kutoka 72 hadi 68, walikuwa wanawazungumzia ng'ombe wanaotoa zaidi ya lita 35 kwa siku. Chotara wetu wa lita nane hana moto mkubwa kiasi hicho ndani yake. Anavumilia zaidi, na mstari wake uko juu zaidi. Hoja hii ni ya wale wa njaa, ingawa sijawahi kuwasikia wakiitumia. Mimi inanishawishi: kwa ng'ombe aliye chini ya lita kumi, upungufu wa chakula na maji ndio unaokula sehemu kubwa ya maziwa, na feni au paa la gharama kwake ni fedha iliyopotea. Akipanda kuelekea lita kumi na tano na zaidi, mambo hugeuka, na kila kilo ya pumba unayomwongezea bila kumpoza hurudi kidogo kuliko iliyotangulia.

Ubishi hauishi kwa sababu ya kalenda ya Tanga yenyewe. Miezi ya joto kali ndiyo miezi ya majani mabovu. Viwili hivyo huja pamoja na kuondoka pamoja, masika yakinyesha na kusi ikianza kuvuma. Kwa hiyo anayelaumu njaa huona mvua imeleta majani na maziwa yamerudi, na anayelaumu joto huona hewa imepoa na maziwa yamerudi. Kila mmoja huhesabu ushindi wake kwa mvua ileile.

Sasa maji. Katika ubishi wote ule wa foleni nimesikia pumba, mashudu, bati na mbegu, na maji karibu hayatajwi. Ng'ombe anayekamuliwa anahitaji lita nne hadi tano za maji kwa kila lita ya maziwa, ukiacha yale ya kuutunza mwili wake, na siku ya joto anaweza kuvuka lita 80. Ndoo ya lita 20 asubuhi na nyingine jioni ni lita 40. Ng'ombe mwenye kiu hali chakula, na asiyekula hatoi maziwa, hapo hata mashudu ya alizeti ya bei kubwa hayasaidii. Najua maji hayo yanabebwa na nani: mara nyingi ni mama mwenye nyumba na watoto, kutoka kisimani, kwa ndoo. Ndiyo maana naona mradi wa kukopesha mitamba, ng'ombe jike ambao hawajazaa, usiofikiria tanki na mfereji wa maji ya mvua umemkabidhi mwanamke kazi mpya bila kumwambia. Na maji yenyewe yawe kivulini. Pipa lililokaa juani linampa ng'ombe maji ya moto, atakunywa kidogo na kuondoka.

Baada ya maji, pumba, na hapa nawaonya wa upande wa njaa. Ng'ombe anayehema kwa kasi hupoteza kaboni dayoksaidi nyingi, damu yake inapoteza asidi, na figo hujaribu kurekebisha kwa kumwaga baikaboneti, chumvi inayotuliza asidi, kwenye mkojo. Mate yake, ambayo nayo yana baikaboneti nyingi, yanadondoka sakafuni badala ya kumezwa, na kucheua kunapungua. Baikaboneti hiyo ndiyo ilitakiwa kutuliza asidi ya rumeni. Sasa mfugaji, akiona maziwa yamepungua na majani hayaliwi, anampa kilo nne za pumba kwa mkupuo mmoja wakati wa kukamua. Asidi inapanda na hakuna cha kuituliza. Kinyesi kinakuwa laini, mafuta ya maziwa yanashuka, na wiki kadhaa baadaye ng'ombe anachechemea kwa maumivu ya kwato wala hakuna anayekumbuka zile pumba. Pumba ni chakula kizuri, lakini zigawanywe mara tatu au nne, zichanganywe na majani yaliyokatwakatwa, na chumvi jiwe isikosekane. Ng'ombe akitoka jasho hupoteza potasiamu, na hiyo molasi inayo kwa wingi, kwa anayeweza kuipata.

Majani nayo yakatwe kabla hayajapita kiuno cha mtu au kifua, hata kama macho yanaona mzigo ni mdogo. Majani ya lusina, mti wa malisho wa jamii ya kunde, yaongezwe kwa ajili ya protini, yasizidi karibu theluthi moja ya mlo kwa sababu yana sumu yake. Sehemu kubwa ya chakula iwekwe jioni na usiku. Wafugaji wengi huogopa kuacha chakula horini usiku kwa hofu ya wizi au panya, na mazoea ni kwamba mifugo hula mchana. Lakini ng'ombe wa pwani, akipewa nafasi, hula alfajiri.

Kuhusu paa, kuna jambo linaniuma. Makuti ni mali yetu, na chini yake kuna ubaridi ambao bati haliutoi. Bado mfugaji akipata fedha kidogo jambo la kwanza ni kuyang'oa na kupiga bati chini chini, kwa sababu bati ni maendeleo. Wanaopenda bati wana haki yao: makuti huchakaa kila baada ya miaka michache, huhifadhi wadudu, na yanashika moto. Anayetaka bati alinyanyue juu, aache upepo upite pande zote, mgongo wa paa uende mashariki-magharibi ili jua lisiingie ndani. Kumwagia ng'ombe maji nako kunasaidia, ila huku kwetu kwenye unyevu, maji bila upepo hubaki kwenye ngozi na kuongeza mvuke bandani. Kujua kama umefanikiwa hakuhitaji kifaa. Hesabu mbavu zinavyopanda na kushuka kwa dakika moja, saa nane mchana. Zikizidi 60, ng'ombe ameanza kuelemewa. Zikizidi 100, hilo si la kungoja.

Suala la mbegu nitalipita haraka, kwa kuwa ushahidi wake ni wa zamani na haujapinduliwa. Uchambuzi wa watafiti Cunningham na Syrstad uliochapishwa na FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, mwaka 1987 ulionyesha kuwa katika nchi za joto maziwa huongezeka kadiri damu ya kizungu inavyoongezeka hadi nusu, na baada ya hapo faida inakuwa ndogo. Mfugaji anayepandisha tena na tena kwa Friesian mpaka ng'ombe awe mweusi na mweupe kama picha ya kalenda ananunua joto zaidi kuliko maziwa. Ng'ombe wa Mpwapwa, waliochanganywa hapahapa nchini kwa miongo mingi kutokana na Sahiwal na Red Sindhi wa Asia Kusini, zebu wetu wenye nundu na damu kidogo ya Ulaya, wamebaki wachache. Huo ni uzembe ambao hatukulazimishwa na mtu.

Na kuna ng'ombe mmoja ambaye pande zote mbili humsahau: yule aliyekaushwa akisubiri kuzaa. Hatoi maziwa, basi hupewa mabua na kona yenye jua, maana kivuli na pumba ni vya wanaokamuliwa. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Florida umeonyesha kuwa ng'ombe aliyekaa kwenye joto wiki sita za mwisho za mimba huzaa na kutoa maziwa pungufu ya yule aliyepozwa, lita kadhaa kila siku, hata kama joto limeshapita. Ndama wake jike naye, akikua na kuzaa, hutoa maziwa kidogo kuliko wenzake. Kwa hiyo anayenunua mtamba huku pwani, pamoja na kuuliza baba yake ni nani, aulize pia alizaliwa mwezi gani, na mama yake alikuwa amesimama wapi.