Silikoni safi si kipitishi kizuri
Makala ninayoijibu inadai kwamba silikoni, elementi ya kutengenezea transista (vifaa vidogo vya kukuza au kukatiza mkondo wa umeme), husafishwa kwa gharama kubwa ili ipitishe umeme vizuri zaidi, dai ambalo limegeuza mambo kichwa chini miguu juu. Silikoni iliyo safi kabisa hupitisha umeme kidogo mno katika joto la kawaida, kwa kuwa kila atomu hutumia elektroni zake 4 za nje kujifunga na majirani zake. Husafishwa ili mtengenezaji aweze kutia mwenyewe, kwa kipimo, uchafu anaoutaka: fosforasi, yenye elektroni 5 za nje, huacha moja ya ziada inayotembea, ilhali boroni, yenye 3, huacha tundu ambalo elektroni ya jirani huliziba na kufungua jingine ilikotoka. Atomu 1 tu ya fosforasi kwa kila atomu milioni 1 za silikoni huongeza upitishaji zaidi ya mara laki moja, jambo ambalo mwandishi hakuligusa kabisa. Kuhusu gerimani, elementi nyingine ya kutengenezea transista, aliyoitaja kwa sentensi moja, sisi tunaokarabati redio za zamani hapa Kariakoo tunajua jinsi transista zake zinavyovujisha mkondo katika joto la Januari. Je, kuna fundi mwenzangu ambaye bado anazipata madukani, au naye huweka za silikoni na kurekebisha volteji upya?