Provosti wa Wellington: shahidi, hakimu na mchapa viboko kwa mpigo mmoja

Katika jeshi la Uingereza lililopigana na Wafaransa huko Ureno na Hispania kati ya 1809 na 1814, chini ya Jenerali Wellington, polisi wa jeshi aliitwa provosti. Alifuata nyuma ya safu na wasaidizi wachache, akikusanya waliobaki njiani bila ruhusa, akipekua nyumba za wanakijiji na maghala ya mvinyo, akilinda mahabusu. Kilichomtia askari hofu ni mamlaka yake ya kuadhibu papo hapo: mjeledi, hata kitanzi, bila mahakama ya kijeshi.

Wanaoyatetea mamlaka hayo wana hoja nzito. Mahakama ilitaka maofisa wakae na mashahidi wasikilizwe. Jeshi likiondoka alfajiri, mkulima aliyeibiwa amebaki nyuma, na kesi imekufa. Mkulima huyo ndiye aliyeuza ngano na kukodisha nyumbu. Akiporwa leo, kesho ataficha nafaka na kupeleka wanyama mlimani. Wafaransa, waliozoea kujichukulia chakula mashambani, walilijua hilo kwa damu: kila kijiji walichokausha kiliwapa waasi watu wapya.

Lakini mtu mmoja akiwa mlalamikaji, shahidi na hakimu, nani atamrekebisha? Viboko vikishapigwa havirudishwi. Kwa hiyo amri ya 1811 iliweka sharti ambalo kwangu ndilo roho ya suala lote: provosti aadhibu kosa aliloliona kwa macho yake tu. Akimkuta askari na kuku mfukoni, bila kumwona akimwiba, alipaswa kumfikisha mahakamani. Hapo mamlaka yanavumilika. Bila sharti hilo, ni ukatili mtupu.

Udhaifu mkubwa zaidi ulikuwa wingi wa wakosaji. Badajoz, mji wa Hispania ulioshikiliwa na Wafaransa, ulipotekwa usiku wa tarehe 6 Aprili 1812, maelfu ya askari wa Wellington walipora, wakabaka na kuua raia wa Hispania, watu wa nchi rafiki. Ilichukua siku kadhaa, na miti ya kunyongea kusimamishwa uwanjani, kabla ya utulivu kurudi. Mwaka uliofuata, baada ya kushinda vita huko Vitoria, Hispania, askari waliyavamia magari ya hazina ya Joseph Bonaparte, nduguye Napoleon aliyemweka kuwa mfalme wa Hispania, badala ya kumfukuza adui. Mwaka huohuo wa 1813 kiliundwa kikosi cha polisi wapanda farasi chini ya George Scovell. Farasi walikipa mbio, ila hakikuwa na watu wa kuzuia jeshi zima.

Tena mjeledi haushibishi. Wellington alipokuwa ndani ya Ufaransa, Novemba 1813, aliwarudisha nyumbani Wahispania wengi wa jeshi lake kwa sababu ya uporaji, akijua serikali yao haikuwalipa wala kuwalisha. Kwa waliobaki, provosti walikuwa wakali, lakini kulikuwa na fedha pia: alitafuta jeshini mafundi waliowahi kughushi sarafu, wakamtengenezea za Kifaransa, zenye dhahabu na fedha halisi. Wakulima wa kusini mwa Ufaransa walileta mazao sokoni.