Garang angeishi, Sudan Kusini ingekuwa nyingine

Juzi kwenye kijiwe cha kahawa pale Mwanjelwa, Mbeya, redio ilikuwa inataja tena Juba: mapigano, wakimbizi, mkataba uliovunjwa. Mzee mmoja ninayemheshimu sana akatikisa kichwa. "Wale ndivyo walivyoumbwa. Hata ashuke malaika awatawale, watapigana tu." Wenzake wakaitikia. Nikamwambia, "Mzee wangu, kwa hilo naomba nikupinge." Watu walitawanyika kabla sijamaliza, na maneno yale yamenikaa rohoni mpaka leo.

Hakuna watu walioumbwa kwa vita. Sudan Kusini ilikuwa na njia nyingine, na mtu aliyeichora, John Garang, kiongozi wa waasi wa kusini, alikufa mapema mno.

Mkataba wa amani kati ya serikali ya Khartoum na SPLM, chama cha Garang, ulisainiwa Nairobi tarehe 9 Januari 2005. Tarehe 9 Julai John Garang akaapishwa Khartoum kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais wa Sudan nzima, na umati uliojitokeza kumpokea haukuwa wa watu wa kusini peke yao. Tarehe 30 Julai helikopta ya rais wa Uganda iliyokuwa inamrudisha kutoka kwa Museveni ikaanguka. Wiki tatu tu ofisini! Wawili hao walifahamiana tangu ujana wao Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa hiyo hata sisi tuna chetu katika msiba ule.

Wengi humkumbuka Garang kwa sare za jeshi. Mimi namkumbuka kwa kilimo. Alikuwa mchumi wa kilimo. Shahada yake ya uzamivu, aliyoipata Iowa mwaka 1981, ilihusu maendeleo ya vijiji vya eneo la Jonglei. Kauli aliyoirudia ilikuwa kwamba miji ipelekwe kwa watu vijijini, badala ya watu kukimbilia mijini. Mtu wa Nyanda za Juu hahitaji kueleweshwa hilo. Nenda Uporoto wakati wa masika, uiache lami uingie barabara za ndani. Utakuta Fuso imezama hadi ekseli, lumbesa za viazi zimefunikwa turubai, utingo anakata matawi ya kusindilia chini ya tairi. Mwenye viazi amesimama pembeni na simu sikioni, dalali wa Dar anamshushia bei kwa sababu anajua mzigo hauendi popote. Mkulima yule hakosi bidii. Amekosa kilomita chache za barabara, na msimu wake wote unaishia pale kwenye tope.

Sasa fikiria nchi nzima ya namna hiyo, iliyotoka kwenye vita ya miaka 22, halafu nusu ya mapato ya mafuta yanayochimbwa kusini yanaanza kumiminika Juba. Fedha hizo zilikwenda wapi? Januari 2006 Salva Kiir, aliyemrithi Garang, alipatana na Paulino Matip, kiongozi wa wanamgambo, na watu wa Matip wakaingizwa jeshini. Nampa Kiir haki yake hapo, aliepusha vita nyingine, na Garang alikuwa mgumu mno kwa makundi yale. Lakini kuanzia hapo jeshi likawa njia ya kugawana fedha. Kila kamanda alikuja na watu wake, vyeo vyao na mishahara yao. Mwaka 2012 Kiir mwenyewe aliwaandikia barua viongozi na maofisa zaidi ya 70 akiwaomba warudishe fedha zilizopotea, takriban dola bilioni 4. Dola bilioni 4! Hizo ni barabara, zahanati na maghala ambayo hayakujengwa.

Naamini Garang angezipeleka kwingine, kwa sababu mpango wa vijiji alikuwa nao kichwani kabla hajaongoza uasi wa 1983, na kwa sababu nafasi ya juu ilikuwa na mwenyewe. Vita ya Desemba 2013 ilianzia kwenye ugomvi wa nani aongoze SPLM, Kiir au aliyekuwa makamu wake, Riek Machar. Garang akiwa hai, ugomvi huo wangeugombania nini?

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba hakuwa malaika wa yule mzee. Mwishoni mwa 2004 kule Rumbek wenzake, Kiir akiwa mbele, walimwambia usoni kwamba anaendesha chama peke yake. Na sisi wa huku tunajua mpango mkubwa ukiletwa kwa amri unazaa nini: Krismasi ya 1971 Dkt. Kleruu, mkuu wa mkoa wa Iringa aliyekuwa akisukuma vijiji vya ujamaa, alipigwa risasi Isimani na mkulima Mwamwindi. Huenda Garang naye angewasukuma wanakijiji hivyo. Lakini mpango unaweza kuubishia, ukaurekebisha. Fedha zinazogawanywa gizani utazibishia wapi?

Kujitenga kusingezuilika, asilimia 98.83 katika kura ya maoni ya 2011 si mchezo. Tofauti ni kwamba Abyei, eneo la mpakani linalogombaniwa, na mafuta vingepata mtu wa kuvisimamia akiwa ndani ya ikulu ya Khartoum kabla bendera haijapandishwa. Hata Marekani iliona kifo cha kiongozi kinavyogeuza mambo baada ya vita: Rais Lincoln aliuawa Aprili 1865, na mwaka haujaisha mrithi wake Andrew Johnson akawa anawarudishia mabwana wa zamani ardhi waliyokuwa wamegawiwa watumwa walioachiwa huru.

Januari 2015 CCM iliyakutanisha Arusha makundi ya SPLM, wakasaini kuungana. Mwaka uliofuata Sudan Kusini ikajiunga na Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki, na mwaka huohuo, mwezi Julai, risasi zikarindima tena Juba. Sasa wameahidiwa uchaguzi Desemba 2026, baada ya kuahirishwa mara kwa mara. Mgombea yeyote atakayesimama natamani aulizwe, mbele ya wakulima na wafugaji, fedha za mafuta zitafikaje Bor, Aweil na Yambio, na kwa barabara ipi.